Tawi la Kafara

Udongo wa Kinashi ni mchanga wa mawe yaliyooza,
haushiki maji, na misonobari inaupendea hilo.
Mwaka niliomaliza shule Baba alipanda mbegu thelathini.
Zikaota ishirini na sita. Panya akala mbili.
Huu ni mmoja wa iliyosalia.

Samaki mkunje angali mbichi; mti nao ni vivyo hivyo.
Msimu wa baridi wa tatu, mche haujazidi unene wa kidole changu cha mwisho,
Baba aliuvisha waya wa shaba, toka shinani hadi juu,
akaniwekea mkononi.
"Ukunje."
"Wapi?"
"Pale usipotazamia."
Nikaukunja. Ndani ya gome kukalia krrr,
sauti ndogo, kama mtu anayeuma ganda la karanga chumba cha pili.
Nikaachia.
"Ukiachia hapo," akasema, "umeuumiza bure."

Mwaka uliofuata alichagua tawi moja, la chini, la nyuma.
Hili usilifunge. Usilipogoe. Usilichume sindano.
Liache lile jua, linywe, lirefuke litakavyo,
maana shina hunenepa kwa shibe ya tawi hili.
Nikamuuliza, mwisho wake nini?
Akapuliza chai yake, na chai ilikwisha poa.

Mwaka huohuo Nobuteru alikwenda Sendai kusomea madaraja.
Mimi nikaingia kiwanda cha tambi, zamu ya saa kumi alfajiri,
unga hadi kwenye kope.
Ada ikapatikana.

Kila Juni, matawi mengine yakisimamisha mishumaa yao,
machipukizi meupe, laini, yenye vumbi la dhahabu,
tuliyakata yote kwenye kikonyo, yaanze upya, yatoke mafupi.
Lile la nyuma tulilipita.
Likavuka ukingo wa kitalu. Likavuka njia.
Likaninasa kitambaa cha kichwa asubuhi nikienda kazini.
Mama Kuwajima, jirani, akacheka juu ya uzio:
"Mnakuza mti, au mnakuza ufito wa kuangulia persimoni?"

Miaka tisa.
Shina likawa nene kama kifundo cha mkono wangu,
gome likapasuka vigae vigae, likazeeka kabla ya umri wake.
Baba alipatwa na kiharusi upande wa kulia,
na kwa mkono wa kushoto akanisogezea msumeno.

Februari ile Nobuteru alikuja na mkewe na mtoto.
Alichuchumaa mbele ya mti, upande wa uso,
kwani mti wa chungu una uso, na una kisogo.
"Ajabu! Umenenepaje hivi, kadogo namna hii?"
Akaupiga picha. Akampiga mtoto picha kando yake.
Mimi nilikuwa nyuma, nimepiga goti,
meno ya msumeno yameshaanza.

Utomvu una harufu inayoganda kwenye vidole siku tatu.
Nilisawazisha jeraha kwa kisu, nikalichimba kidogo katikati,
nikalifunika kwa lami ya dawa.
Halionekani kwa mbele. Ndiyo maana lilichaguliwa la nyuma.

Mti ulihamia kwenye chungu cha udongo, kina chake viganja viwili,
na wageni husema unafanana na mzee aliyesimama kwenye upepo wa bahari.
Hapa hauvumi upepo wa maana.
Usiku nazunguka upande wa ukutani, napapasa kovu:
gome linajikunja kutoka kingoni,
midomo inayojaribu kufumba.

Na tawi?
Msonobari hauoti kwa tawi lililokatwa. Hilo nalijua,
kila mtoto wa Kinashi analijua.
Nililichomeka hata hivyo, nyuma ya banda la vyungu,
nikalimwagia maji kabla ya zamu, kimya, kama mwizi.
Lilibaki kijani mpaka Mei.
Mama Kuwajima aliliona,
na kwa mara ya kwanza hakucheka.