Choki

Mwezi wa saba, Njombe. Ukungu bado umelalia mashamba ya viazi
na mimi niko juu ya ngazi, bwaloni,
bisibisi mdomoni, nashusha taa za zamani.
Arobaini na sita. Nimezihesabu kwa shingo.

Kila kasha nikilifungua linanimwagia vumbi,
mbu waliokauka, mabawa ya kumbikumbi,
na mara moja, maganda ya karanga.
Panya gani alipanda huku kula karanga?

Tyubu ni nyepesi kama mabua,
ncha zake nyeusi, wanja wa bibi harusi aliyelia.
Nampa Osmund kwa mikono miwili, naye anapokea kwa miwili.
Stata nazitia kofiani.

Lakini choki.
Choki ina uzito wa neno la mkwe.
Bati juu ya bati, shaba imezungushwa hadi ikasahau ilikoanzia,
ikamiminiwa lami ili inyamaze,
na miaka yote haikunyamaza:
mmmmmm, juu ya maharage, juu ya sala ya chakula,
juu ya matangazo ya ada.

Aliyezifunga ni baba yangu, Betweli Mgaya,
mwaka ambao sukari ilikuwa na foleni.
Aligusisha ncha ya bisibisi kwenye choki, mpini sikioni,
akafumba macho:
hii itatuzika.
Hii haifiki Pasaka.

Asubuhi za baridi kama hii taa ziligoma.
Stata, ta. Ta-ta. Ta.
Wekundu kidogo kwenye ncha, kisha giza,
na wanafunzi mia tatu wakishika vikombe vya uji wasivyoviona.
Baba alipanda, akaipapasa tyubu kwa kiganja,
toka huku hadi kule, taratibu,
kama anayemtuliza ng'ombe kabla ya kumkamua.
Ikapepesa. Ikawaka.
Watoto wakapiga makofi, naye akashuka amekunja uso
kana kwamba wamemtukana.

Choki moja ilizidi kelele, mwalimu wa zamu akaikataa.
Baba akaileta nyumbani, akaifunga chini, jikoni,
na Mama akasogeza boksi la vifaranga karibu yake.
Walilala wameiegemea usiku kucha,
kitu chenye joto kinachokoroma.
Walipokua walitupa kazi:
kila mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa,
kuku wetu walivuka barabara, wote,
wakaenda kusimama mlangoni, kichwa upande,
wakisikiliza.

"Dada Atukuzwe, tayari?"
Osmund anabonyeza swichi.
Bwalo lote jeupe, kwa mpigo mmoja.
"Umeona? Hata hazijakohoa."
Nimeona. Makadirio ya kazi hii niliyaandika mimi,
na yuniti zitakazookolewa nilizipigia mstari mara mbili.
Sina ugomvi na ledi.
Ila sasa nasikia mpishi akikwangua sufuria upande wa pili,
nasikia pua yangu ikivuta baridi,
na juu, pale nilipozoea kuangalia, hakuna anayefikiri kwanza.

Kasha la kumi na saba lilikuwa na mwandiko wa penseli
nyuma ya bati, herufi zake zile za kulala kushoto:
*Hii inalia lakini ni nzima. Msiitupe.*

Jioni mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na mizani yake.
Anaibinya choki, anainusa, anataja bei ya shaba
kama mtu anayetaja ugonjwa.
Osmund anapanga, anahesabu, anakuna kichwa.
"Dada, taa arobaini na sita. Mbona choki ni arobaini na tano?"

Mkoba wangu umenivuta bega upande mmoja.
Nimemwambia ahesabu tena.