Somo la Pili

Jumapili ya baridi. Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Tandala haijaamka vizuri. Kengele imelia mara mbili,
na mimi, mzee wa kanisa, koti la marehemu baba mabegani,
napanda madhabahuni kusoma somo la pili.

Mwaka wa tisa huu nasoma.
Watu husema sauti yangu iliumbwa kwa ajili ya Neno,
haikwami kwenye majina magumu ya wafalme, haikohoi.
Hukohoa mahali pamoja tu:
katika sala ile aliyotufundisha Bwana,
pale pa kusamehewa kama tunavyosamehe,
kifua hunibana, hupeleka leso mdomoni,
na nikirudi, wenzangu wamekwisha fika kwenye majaribu.
Hakuna aliyewahi kuvihesabu vikohozi vyangu.
Wewe umevihesabu.

Novemba ile nilikuwa nasafisha shamba la ngano.
Njiti moja. Upepo ulikuwa umelala, naapa —
hapana, siapi. Haukuwa umelala.
Niliuona ukitikisa mianzi, nikawasha.
Ilipofika saa tisa, misindano ya Mama Twilumba,
ekari nne, ada za wanawe, paa la nyumba ambayo bado hajaijenga,
ilikuwa inapasuka kama bisi.

Kwenye mkutano wa kitongoji mtu alisema: warina asali.
Mwingine akasema: Enosi.
Mimi sikusema kitu. Niliandika.
Nilikuwa katibu.
Enosi Chaula, kwa wino wa bluu, herufi nzuri,
nikapiga mstari chini yake.
Kijana aliuza mizinga yote, haikutosha,
akateremka Chunya kwenye machimbo, hakurudi.
Mama yake akahamia benchi la nyuma, karibu na mlango,
kama mtu anayesubiri kuitwa nje.

Basi leo.
Somo limepangwa kwenye kalenda, sikulichagua:
barua fupi ya mtume aliyezeeka,
mstari ule wa watu wanaojidanganya.
Nilipofika katikati, maneno yaligoma.
Si macho; miwani ni mipya, nimeitoa Ikonda juzi.
Wanasema Neno ni upanga. Mimi sikukatwa.
Lilikuja kama jembe la mke wangu kwenye tuta,
taratibu, likijua kiazi kilipo,
likichimba pembeni lisije likakijeruhi,
likanitoa na udongo wangu.

Kimya. Mtoto mmoja akacheka.
Mchungaji akainua kichwa.
Kule nyuma mama yake Enosi akaushika mwimo wa mlango.

"Moto ule niliuwasha mimi," nikasema,
kwa sauti ile ile ya kusomea majina ya wafalme.

Yaliyosemwa baada ya hapo ni haki yao, siyasimulii.

Mchana nilikwenda kwa Mama Twilumba.
Alikuwa anamenya viazi. Hakusema karibu, hakusema toka.
Alikisukuma kisu cha pili kwa mguu.
Tukamenya mpaka sufuria ikajaa, maji yakawa meupe,
vidole vyangu vikafa ganzi.
Ndipo akasema:
"Miche utaileta mvua zikianza. Na Enosi je?"

Na Enosi je, Bwana?
Mama yake amenipa namba. Hakuniangalia alipokuwa akiitaja.
Inaita, inaita, haipokelewi.
Labda yuko chini ya shimo, labda anaijua namba ya Tandala
na anaitazama ikiita. Ni haki yake hiyo pia.

Usiku. Taa ya sola imefifia, mke wangu amelala
au amejigeuzia ukutani tu.
Nasali peke yangu, polepole, neno baada ya neno.
Nafika pale. Sikohoi.
Utusamehe —

hapo ndipo nilipo.
Sijavuka, Bwana. Nimekaa juu ya neno hilo moja,
simu mkononi, sikio limepata moto,
nasikiliza inavyoita.