Jiliwa la Fundi Shaame

Nilianza na tupa moja isiyo mpini,
niliyoiokota ndani ya ndoo ya misumari kule Chake,
muuzaji akinitazama kama mtu anayenunua meno ya maiti.
Nikaitia mafuta ya taa, nikaisugua kwa brashi ya waya,
meno yakachomoza. Mengine yameng'oka.
Yaliyobaki yanauma.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza.
Msibani nauliza, harusini nauliza,
Ijumaa, kabla sijaviona viatu vyangu mlangoni,
nauliza: nani anajua penye fuawe?
Zuwena hunambia, wenzio waulizia viwanja,
wewe waulizia kutu.

Keekee ya mkono nimeipata Konde
kwa jogoo mmoja na deni la mwaka juzi.
Gurudumu lake lina pengo;
kila mzunguko hujikwaa palepale, tak,
kama kigugumizi kwenye herufi yake,
nami nimejifunza kuisubiri.

Msumeno wa chuma nilipewa na fundi baiskeli
aliyeingiwa na mtoto wa jicho.
Pesa alikataa. "Uchukue," alisema,
"kila nikiupita ukutani unanisimanga."

Grenda nilitapeliwa, sifichi.
Mkoani, kijana kaipaka rangi mpya ya kijani,
nikaifikisha nyumbani, nikaichomeka,
ikalia mara moja kama paka aliyekanyagwa mkia
na mtaa mzima ukaingia gizani.
Siku hizi nakwaruza kwa ukucha kwanza,
bei baadaye.

Lakini jiliwa. Jiliwa ndilo lililoninyima usingizi.
Waweza kufua juu ya jiwe,
waweza kuchochea moto kwa vifuu,
ila kitu usichokibana
hukiamrishi.

Nikasikia Wete, nyuma ya soko,
vyauzwa vya marehemu Shaame Faki,
yule aliyetia meno mbuzi za nusu ya kisiwa.
Nafika, mnunuzi wa vyuma chakavu keshatangulia,
mizani yake inaning'inia kwenye boriti.
Koleo, kilo. Nyundo, kilo.
Fuawe, wanaume wawili na pumzi, kilo.
Miaka arubaini ya mkono wa mtu
haikuutikisa mshale.

"Hilo jiliwa usilipime," nikasema.
Akacheka. "Utaongeza ngapi?"
Nilikuwa na elfu sitini, na hizo za karafuu ambazo
Zuwena alidhani zimo kabatini.

Bi Mize, mjane, alikuwa kimya barazani,
pindo la kanga mdomoni.
Hakuuliza bei.
"Wataka kulifanyia nini?"
Mageti, nikasema. Madirisha. Mbuzi za kukunia nazi.
"Mbuzi," akarudia.
Akaingia ndani, akatoka na yake,
meno yamelala kama majani yaliyokaliwa.
"Ninolee. Hapa hapa. Nikuone mkono."

Nikalifungua taya, likalia,
nikaibana ile mbuzi, nikatoa mfukoni
tupa yangu ya Chake, sasa ina mpini wa mpera.
Jino kwa jino. Mnunuzi akawasha sigara.
Kuku wakaja kuchungulia vumbi la chuma
wakaona si chakula.
Bi Mize akapitisha kidole gumba juu ya meno,
damu ikatoka tone,
akaifuta kwenye kanga bila kuitazama.
"Hilo halipandi mizani," alimwambia mnunuzi.

Alihesabu elfu arubaini, zilizobaki akanirudishia.
"Kanunue mafuta. Mwenyewe hakuliacha kavu."

Sasa limekaa kwenye gogo la mfenesi uani kwetu,
boliti nne, moja si ya kabila lake.
Zuwena kaleta sufuria lenye mkono uliokatika;
ya kabatini hajayataja, nami sijayataja.
Taya moja limepinda kidogo, kushoto.
Nimelinyoosha kwa nyundo, limekataa.
Kila kinachotoka kwangu kinaegemea upande huo,
na juzi mtu wa Wete alikishika kitasa nilichofua,
akakigeuza, akakigeuza tena,
akauliza: hiki si cha Shaame?