Kibanio cha Nguo

Ilikuwa juu ya kabati, chini ya sanduku la Turfena,
miaka miwili na ushei, imevikwa mfuko wa unga.
Nilipoitikisa, mende mmoja alitoka kwenye bomba
bila haraka, kama mpangaji anayejua kodi imelipwa.

Niliiacha wakati wa matanga ya kaka yangu, kule Ugenya.
Nyumba ilijaa, wanaume saba sakafuni, mkeka kwa mkeka;
nani angejifunga pua ya mpira mbele ya mashemeji?
Nikasema, nikirudi Kisumu. Nikarudi.
Nikasema, wiki ijayo. Kisha mpira ukapasuka,
kisha bei ya stima ikapanda, kisha...
lakini mnajua jinsi mtu anavyojipikia sababu
na kuzila peke yake.

Turfena akahamia sebuleni, kwenye kochi.
Alisema ni mgongo.
Nami nikakubali kuwa ni mgongo.

Aliyenirudisha ni Achola, mjukuu, miaka saba,
aliyelala chumbani kwangu likizo ya Agosti.
Asubuhi, shavu limejaa kiazi kitamu, akauliza:
"Babu, kwa nini usiku unakufa halafu unarudi?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Nilihesabu. Mara kumi na moja. Kisha nikashikwa na usingizi."

Kijiko cha sukari kikasimama mkononi mwa Turfena.

Miaka ishirini na sita nilisimamia boila Muhoroni.
Mimi ndiye niliyesoma geji, niliyejua kwa sikio tu
bomba lipi litavuja kabla mvuke haujaonekana.
Leo kijana wa kliniki, ndevu hazijakomaa,
ananifundisha presha: "Mzee, tutaanza na tano,
ipande polepole mpaka kumi na moja."
Kumi na moja. Nikamtazama.
Hakujua alichokitaja.

Usiku wa kwanza nilikuwa punda mzee mwenye hatamu mpya.
Mikanda kisogoni, mpira puani,
upepo unaingia bila kupiga hodi.
Nikafungua mdomo nimwite Turfena,
upepo ukatokea huko huko, ukanipokonya jina lake.
Saa saba nikaivua. Saa nane nikaivaa.
Saa tisa ilikuwa sakafuni, inapumua yenyewe,
nami nikiisikiliza kwa wivu.

Usiku wa pili stima ikapotea Migosi nzima.

Usiku wa tatu, mbu.
Bomba linapita chini ya neti, na palipopita bomba
wakapita na wao, ukoo mzima, na wakwe zao.
Nimefungwa uso, siwezi hata kutukana,
napiga makofi gizani kama mwehu kanisani.

Ndipo taa ikawashwa.
Turfena, leso kifuani, kibanio cha nguo mkononi,
kile cha kijani, cha kuanikia mashuka.
Hakusema pole. Alikunja neti kuzunguka bomba,
akabana, akalivuta kidogo kujaribu,
kama mtu anayepima fundo la mbuzi.
Kisha, badala ya kurudi kwenye kochi lake,
akazunguka kitanda, akaingia upande wa ukuta.
"Geukia kule," akasema. "Unanipulizia jicho."

Nikageuka.

Saa tatu na dakika arobaini, ndivyo mashine ilivyoandika.
Kijana wa kliniki anataka nne, na zaidi.
Pua imekauka kama kokwa, mashavu yana mitaro,
na muuza maziwa mlangoni alinitazama usoni
kwa adabu ya mtu aliyeamua kutouliza.

Achola akapiga simu kutoka kwa mama yake, Ahero.
"Babu, jana ulikufa mara ngapi?"
Nikavaa miwani, nikasoma kidirisha cha mashine.
"Mbili kwa kila saa," nikamwambia.
Akanyamaza, akipiga hesabu.
"Bado ni nyingi," akasema, "lakini umejitahidi."

Jumamosi ni siku ya kufua.
Nimemsikia Turfena uani akihesabu vibanio,
akakuta kimoja hakipo, akakumbuka kiliko.
Shuka moja imeanikwa kwa kona moja,
ile nyingine inaburuzwa na upepo wa ziwa,
na yeye anaitazama tu.