Dhamana

Benki pale Kutaisi ilitaka dhamana.
Nanuli akataja piano ya marehemu mumewe;
karani akafunga faili.

Basi akaiuza. Ikashushwa ngazini kwa kamba,
ikitoa noti moja kila kidato.

Kwa pesa ile: rangi, magodoro kumi,
masinki mawili yanayomfika magotini.
Mkaguzi alichutama, akapima kwa futi,
akafungua bomba, akanawa mikono kama mtoto,
akasaini.

Jumatatu wakaja watatu.
Mmoja mjukuu wake, huyo halipi.
Wa pili kaja na jibini,
ada itafuata, mama yake kasema, zabibu zikiuzwa.

Wa tatu, Gega, hakuvua koti.
Aliinamia mashimo manne sakafuni,
akayagusa moja moja:
"Mwalimu, hapa alisimama mnyama gani?"