Kiti cha Riali Mbili

Saa tano ya usiku, Mabela. Kiyoyozi kinakohoa.
Nimefungua kurasa mbili kwenye simu
kama mtu anayeposa nyumba mbili siku moja.

Huku: Maskati hadi Salala, riali kumi na tisa,
mkoba mmoja wa kilo saba, na Mungu akusitiri.
Huku: thelathini na nne, mzigo kilo thelathini,
sandwichi, juisi, na mtu wa kukwambia karibu.
Saa moja na nusu angani.
Hata usingizi haujui uanzie wapi.

Nikamwambia mama, twende na hii ya bei chee.
Akavua miwani.
"Ina chai?"
Haina.
"Ndege isiyo na chai ni lori lenye mbawa."

Lakini mlipaji ni mimi, na leo ni tarehe ishirini na mbili,
mshahara ungali njiani. Nikabonyeza.
Begi la chini? Riali saba.
Kuchagua kiti? Riali mbili.
"Kiti?" mama akauliza. "Kwani ile bei ya mwanzo
ilikuwa ya kusimama?"
Nikalipia kimoja, chake, cha dirishani.
Changu nikakiachia bahati.

Begi sikulipia, na hapo ndipo kazi ilipoanza,
kwa sababu Thuwaiba, mke wa kaka yangu Warith, amejifungua,
na mama haendi kwa mzazi mikono mitupu:
pilipili manga ya uji, bizari,
samli ya jamaa zetu wa Ibra,
doti tatu za kanga, makopo mawili ya halua,
na ubani.
Ubani, mama? Salala?
"Wa kwao ni wao. Huu wangu."

Mizani ya bafuni ikasema kumi na moja na nusu.
Tukatoa kopo moja la halua. Tukalila palepale, kwa vidole.
Tukatoa kanga; akazivaa zote chini ya abaya,
akanenepa usiku mmoja.
Samli ikabaki kwenye friji, inatutazama.

Kaunta, kijana wa Kibalushi, Dilmurad, jina kifuani,
akauweka mkoba juu ya mizani.
Nane na gramu mia mbili.
Akamtazama mama. Mama akamtazama.
Nyuma yetu foleni inapumua.
Kisha akaufunga kibandiko, bila neno.
Huduma hiyo sikuiona popote kwenye bei.

Angani kigari kikaja. Chai, baisa mia nane.
"Sitaki," akasema mama, upesi mno.
Nilikuwa na riali moja mfukoni,
noti laini ya kukunjwakunjwa.
Nilisita kidogo tu, kama mtu anayekumbuka jina,
na kigari kikapita.

Yeye akageukia dirisha lake.
Jangwa la Wusta, hudhurungi, barabara moja, gari moja.
Alilitazama lote, hakuacha hata punje.
"Tumelilipia," akasema.

Salala, rasharasha za kharifu, majani hadi ukingoni mwa lami.
Warith akapokea mkoba, akashangaa wepesi wake.
"Mmekuja na ndege gani?"
"Ya dirishani," mama akajibu.

Ndani akavua kanga moja baada ya nyingine,
akarudi kuwa yule yule mwembamba wa Mabela,
na ile ya mwisho, ingali na joto la mwili wake,
akamfungia mtoto.
Thuwaiba akauliza, huu ubani wa wapi, una harufu nyingine.
Mama hakunitazama. Ila nilijua ananitazama.

Usiku nikafungua tena kurasa mbili, za kurudi.
Kumi na tisa. Thelathini na nne.
Jikoni kinu cha kuazima kinatwanga,
kinatua,
kinatwanga.
Kidole kiko juu ya kioo.
Sijabonyeza.