Kipande cha Fremu

Ni kumi na saba sasa, ukihesabu na lile lisilo na mfuniko.
Nimeyapanga mbali na dirisha,
maana mvua ya Tukuyu haibishi hodi:
hupita chini ya mlango, ikaenda moja kwa moja kwenye chuma.
Kila Jumamosi nayapaka mafuta ya alizeti,
bawaba moja moja, kama anayesafisha watoto masikio.

Miaka thelathini na miwili niligonga mihuri Posta.
Kushona siwezi, hata kifungo.
Majirani wananiita Mzee Subana
na mimi naitika.

Hili la ngazi, linalofunguka huku na huku
kama panzi anayetaka kuruka,
nililikuta Mwanjelwa chini ya mabegi ya mitumba.
Muuzaji alidhani ni la spana.
Hili la mkangazi lina lulumizi kwenye kona tatu;
ya nne mtu ameiziba kwa nta, taratibu, kwa mkono usiotetemeka.
Na hili la bati, ndiyo, lilikuwa la biskuti.
Usicheke. Nusu ya nchi hii ilijua huzuni
siku ilipofungua bati kama hili, ikakuta nyuzi.

Kilichomo sikitoi. Hiyo ndiyo sheria yangu.
Katika lile la Makete mna soksi ya mtoto, moja,
ncha haijafungwa,
na sindano za kufumia zimepishana
kama miguu ya mtu aliyeketi kungoja gari.

Juu yake nimeweka mapambo: njiwa wa kauri asiye na mdomo,
kengele ya ng'ombe, chupa ya wino yenye maua makavu ya pareto.
Binti yangu Sekela anasema sebule imekuwa duka
lisilouza.

Lakini wageni wote huishia rafu ya katikati.
"Na hiki kikuni?"

Mama hakuwa na sanduku.
Alishonea Kiwira, barazani kwa Mwakalobo,
sare za shule, suruali za wachimba makaa.
Vifungo ndani ya kopo la maziwa, mkasi shingoni,
na sindano, moshi ukimwita jikoni,
aliichoma kwenye fremu ya mlango
pale pale siku zote, usawa wa jicho lake.
"Kichwa!" alituambia tukipita mbio.
Sikumbuki ni mwaka gani nilianza kuinama.

Baada ya matanga, Lugano alichukua cherehani,
Tumpe vitenge, mimi koti la mvua.
Mwezi wa tatu nikarudi na msumeno.
Shubiri moja tu nilikata.
Ambwene, aliyebaki na nyumba, hajanisamehe;
baridi ya usiku, anasema, inaingia kwa jina lako.
Nilimpelekea blanketi. Akalipokea.
Hakusema ndaga.

Sindano bado imo. Kutu imeifunga na mbao,
ukiivuta itakatika.
Ina uzi mweusi, urefu wa kidole, umekatwa kwa meno.
Pembeni yake kuna vitundu, mamia.
Fundi mmoja alisema ni bungua.
Bungua gani anayejua kimo cha mama yangu?

Juzi mtoto wa jirani, Gwakisa, alikuja
sweta limefumuka kiwiko, mama yake yuko kwenye chai.
"Babu, una sindano?"
Nikayatazama masanduku kumi na saba.
Nikafungua lile la ngazi.
Yeye akatunga uzi, mimi nikashona
hadi taa ikawashwa,
na tulipomaliza mkono haukupita,
nilikuwa nimeshona mbele na nyuma pamoja.
Aliondoka amelitupia begani, akinishukuru kwa adabu
iliyoniuma zaidi ya kidole.

Birika likalia. Nikainuka.

Asubuhi Sekela aliingia na maziwa
akashika sikio, akaruka nyuma.
"Kichwa," nilisema,
nimechelewa.